Pasi Tatu Katika Nyumba Moja

Siku moja mtoto darasani aliniuliza, "Mwalimu, pasi ya safari ni ya mtu mmoja au ya nyumba nzima?" Nikamjibu ya kwamba ni ya mtu mmoja. Akasema, "Basi, baba ana yake na mama ana yake, na serikali ikimkubali mmoja tu, watoto wataandamana na nani?" Swali hili halina jibu fupi. Kwa hiyo nikawasimulia habari za Waasia wa Uganda, nami naona ni vema niziandike hapa pia.

Wengi hudhani kwamba watu hao wote walikuwa wazao wa vibarua walioletwa kutoka Bara Hindi kujenga reli ya Mombasa, tangu 1896 hata 1901. Sivyo. Vibarua hao walikuwa kama 32,000, na walio wengi walirudi kwao kazi ilipokwisha. Jamaa nyingi za Uganda zilitokana na wafanya biashara waliokuja kwa hiari yao, wakafungua maduka mijini na hata mashamba ya mbali, wakazaa na kuzika humo.

Uganda ilipopata uhuru, tarehe 9 Oktoba 1962, aliyezaliwa nchini na mzazi mzaliwa wa nchini alikuwa raia pasipo kuomba. Wengine walipewa miaka miwili ya kuomba, tena iliwapasa kuukana uraia wa Uingereza kwa muda uliowekwa. Hapo ndipo nyumba zilipogawanyika pasipo mtu kuona. Baba alishika pasi ya Kiingereza, mwana akajiandikisha kuwa raia wa Uganda, na mkwe akawa na karatasi ya nchi nyingine. Wengine walifanya hivyo kwa makusudi, kama mkulima apandaye mihogo kando ya mahindi, ili mvua ikikosa kimoja kimwokoe.

Walakini mwaka 1968 Uingereza ilipitisha sheria mpya kwa siku tatu tu. Tangu hapo mwenye pasi ya Kiingereza ambaye hana mzazi wala babu mwenye asili ya Uingereza hakuweza kuingia ila kwa kibali, na vibali vilikuwa vichache. Hivyo watu walikuwa na pasi ya nchi isiyowafungulia mlango.

Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke, nao wakapewa siku 90, hata tarehe 8 Novemba. Hata waliojiita raia waliamriwa kupeleka vyeti vyao vikaguliwe, na wengi walikataliwa kwa sababu ya karatasi moja iliyochelewa miaka mingi nyuma. Watu hao walijikuta hawana nchi yo yote. Uingereza iliwapokea watu zaidi ya 27,000, na Kanada maelfu kadha. Wengine wakaenda India. Lakini wanaume wasio na nchi, ambao wake zao walikuwa na pasi ya Kiingereza, hawakuruhusiwa kuwafuata. Mke na watoto walishuka Uingereza, na mume akapelekwa kambini katika nchi nyingine ya Ulaya. Kwa kanuni za siku zile mke humfuata mume, wala si mume kumfuata mke. Mwezi wa Desemba 1973 Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya, katika mashtaka ya Waasia wa Afrika ya Mashariki, ilisema kwamba kuwazuia waume namna hii ni ubaguzi. Na mwezi wa Juni 1974 kanuni zikabadilishwa.

Wala msidhani kwamba mambo haya yaliwapata Waasia peke yao. Mwaka 1970, kabla ya Amin kutwaa nchi, serikali ya Obote iliwafukuza vibarua wa Kenya kama 30,000. Hao walikuwa Waafrika, jirani zetu. Walivuka mpaka na mizigo yao, na habari zao hazikuandikwa sana. Nao pia walikuwa na nyumba.

Baadaye serikali ya Uganda iliwaita Waasia warudi, ikawarudishia wengi maduka na majengo yao. Waliorudi kukaa walikuwa wachache. Mzee alikuwa amezikwa Uingereza, ndugu yake yu Kanada, na wajukuu hawakujuana. Jengo hurudishwa kwa hati. Jamaa iliyotawanyika haina hati ya kuirudisha.

Basi, nilimjibu yule mtoto hivi: serikali yo yote ina haki ya kulinda mpaka wake, lakini karatasi huandikwa jina la mtu mmoja, na hakuna mtu aishiye peke yake. Mwenye kutunga sheria ya kufukuza wageni, na aanze kwa kuuliza swali lake: watoto wataandamana na nani?