Usiku wa Roma na Shule za Marubani Wetu

Tangu Uganda Airlines irudi angani Agosti 2019, swali halijaisha Kampala: rubani hasa hupikwa wapi, Soroti au Kajjansi? Kwangu mimi jibu lilitolewa Oktoba 17, 1988, nalo halikutaja shule yoyote.

Chuo cha urubani cha Soroti kilianzishwa 1971 na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika 1977, kikabaki kwa Uganda. Kajjansi, uwanja mdogo wa ndege kando ya barabara ya Entebbe, ni njia nyingine: mwanafunzi hulipia kila saa, na alfajiri hukinga mafuta kidogo ya bawani kwenye kikombe angavu, akakiinua kwenye mwanga kutafuta tone la maji. Baadaye huzoea viwanja vya vumbi mbugani, na kugeuza ndege mapema mawingu yakifunga. Kanuni za kimataifa zinadai saa 200 kwa leseni ya kibiashara, lakini 150 kwa aliyefuata mafunzo kamili ya chuo kilichoidhinishwa. Yaani mpangilio mzuri umehesabiwa sawa na saa 50 za angani.

Usiku ule wa Oktoba 1988, Boeing 707 ya Uganda Airlines, iliyotoka London, ilikuta uwanja wa Fiumicino, Roma, umezama katika ukungu. Marubani walijaribu kutua, wakashindwa. Wakajaribu tena, wakashindwa. Mara ya tatu walifuata utaratibu ambao hauna mawimbi ya redio ya kuwaongoza katika mteremko: rubani hushuka hadi kimo kilichowekwa, na asipoiona njia, hupaa. Hawakuiona, wakaendelea kushuka. Ndege iligonga paa la jengo kabla ya kufika uwanjani. Kati ya watu 52, walikufa 33.

Wachunguzi wa Italia hawakulaumu mikono ya marubani. Walisema hawakuwa wamejiandaa vya kutosha kwa utuaji wa aina ile, hasa kushirikiana na kutajiana kimo kwa sauti. Hapo ndipo inaponiuma. Neno moja kutoka kiti cha pili, "kimo!", lingewapandisha.

Shirika lilifungwa 2001. Lilipofufuka tulinunua Airbus A330 mbili, ilhali Soroti imelilia ndege za kufundishia na wakufunzi kwa miaka mingi, jambo la aibu kwa nchi iliyorithi chuo kama hicho. Na zoezi la kutua katika ukungu kama ule, sauti mbili zikiitana kimo gizani, marubani wetu wa ndege kubwa bado hulifuata ng'ambo.