Kuhifadhi manii ya farasi dume katika nchi ya joto

Mwaka 1840 merikebu Sultana ilitoka Unguja ikafika New York na mjumbe wa Seyyid Said, Ahmad bin Na'aman. Miongoni mwa zawadi alizompelekea Rais wa Marekani walikuwamo farasi wa Kiarabu. Zama hizo, aliyetaka kizazi cha farasi wa ng'ambo hakuwa na budi kumsafirisha farasi mwenyewe. Leo yatosha kusafirisha manii yake. Kwa farasi wa Kiarabu jambo hili limeruhusiwa, nalo huitwa uhimilishaji: jike hutiwa mbegu na daktari bila ya kupandwa na dume.

Maadui wa mbegu

Mbegu huuawa na maji, sabuni, mkojo, jua na mabadiliko ya ghafla ya joto. Kwa hiyo vyombo vyote huwa vikavu na safi, na hupashwa moto hadi nyuzi 37 hivi kabla ya kupokea manii. Manii huchujwa, mbegu huhesabiwa, na kwa darubini hutazamwa ngapi zinakwenda mbele. Kisha huchanganywa na kiowevu cha maziwa yasiyo na mafuta, sukari na dawa ya kuua vijidudu.

Afya ya dume nayo ina hesabu yake. Mbegu huchukua kiasi cha siku 57 kutengenezwa, hivyo homa ya leo huweza kudhihirika katika manii wiki kadhaa baadaye.

Kupoza na kugandisha

Manii ya kupozwa hushushwa polepole hadi nyuzi 5, na kwa kawaida hutumika ndani ya saa 24 hadi 48. Dubai, ambako kiangazi joto hupita nyuzi 40, kasha lililoachwa juani uwanja wa ndege laweza kuharibu kazi yote.

Ya kugandishwa hutiwa kiini cha yai na gliserini, hujazwa katika mirija midogo, na huwekwa katika nitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri. Huko hukaa miaka mingi, hata baada ya dume kufa. Ikishayeyushwa haiishi sana, basi daktari humpima jike kwa ultrasaundi ili amtie karibu na wakati yai linapotoka. Tena si kila dume manii yake hustahimili kugandishwa.

Wasioruhusiwa

Farasi wa mbio wa Thoroughbred, wanaokimbia Dubai World Cup, hawasajiliwi wakizaliwa kwa njia hii. Lazima dume ampande jike. Dubai Millennium, mshindi wa mwaka 2000, alikufa Aprili 2001 katika msimu wake wa kwanza wa kuzalisha. Hapakuwa na mrija wa kumrithi. Bahati ni kwamba katika wana wake wachache alizaliwa Dubawi mwaka 2002, naye akawa miongoni mwa madume wakubwa wa dunia.

Mwenye dume wa Kiarabu anaweza kujikinga na hasara kama hiyo. Amgandishie mbegu angali kijana na mzima, asingoje mpaka augue.