Jirani Mpatanishi: Tujifunze Nini Kutokana na Mkataba wa Arusha wa Burundi?

Ndugu msomaji, wahenga walituusia kwamba mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Usia huo unamtaka mtu ajiandae yakimfika. Kati ya mataifa, hata hivyo, kujiandaa peke yake hakutoshi, kwa kuwa moto wa jirani huvuka mpaka. Historia ya Burundi inatuonyesha majirani walioamua kwenda kuuzima moto huo, na inatuonyesha pia mahali walipokomea.

Mwezi Juni 1993 wananchi wa Burundi walimchagua Melchior Ndadaye kuwa rais. Alikuwa Mhutu wa kwanza kushika wadhifa huo, katika nchi ambayo jeshi lake liliongozwa na Watutsi. Tarehe 21 Oktoba mwaka huohuo, baadhi ya wanajeshi walimuua. Mauaji ya kulipiza kisasi yalifuata, kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe. Maelfu kwa maelfu ya watu walikimbilia Tanzania, hususan Kigoma na Kagera, katika nchi ambayo ilikwisha kuwapokea Warundi wengine waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Kwa hiyo Tanzania haikuwa mtazamaji wa mbali.

Mwalimu Julius Nyerere alianza kazi ya upatanishi mwaka 1996 kwa mazungumzo yaliyofanyika Mwanza. Kabla hayajazaa matunda, Meja Pierre Buyoya alitwaa madaraka kwa mapinduzi mwezi Julai. Siku chache baadaye viongozi wa ukanda wetu walikutana Arusha wakaiwekea Burundi vikwazo vya kiuchumi. Msomaji, itazame ramani: Burundi haina bahari, na sehemu kubwa ya shehena yake hutegemea bandari ya Dar es Salaam na njia ya Kigoma. Majirani wakifunga njia, nchi hubanwa.

Vikwazo hivyo vilikuwa na sura mbili. Kwa upande mmoja, viliulazimisha utawala wa Buyoya kulirejesha Bunge, kuviruhusu vyama vya siasa na hatimaye kukaa mezani na wapinzani wake. Kwa upande mwingine, mzigo wake ulimwelemea mwananchi wa kawaida aliyenunua bidhaa kwa bei ya kuruka, huku walanguzi wakinufaika kwa magendo. Vilisitishwa Januari 1999.

Mazungumzo rasmi yalifunguliwa Arusha Juni 1998. Mwalimu alifariki dunia tarehe 14 Oktoba 1999 kabla ya kuyakamilisha, na Nelson Mandela akaipokea kazi hiyo. Tarehe 28 Agosti 2000 Mkataba wa Arusha ulitiwa saini. Ulielekeza kwamba kabila lolote lisizidi nusu ya vyombo vya ulinzi, kwamba Seneti iwe na uwiano sawa, na kwamba mtu yeyote asiwe rais kwa zaidi ya vipindi viwili. Makundi makuu yenye silaha hayakuwamo, hivyo vita viliendelea. Kundi la CNDD-FDD lilikubali kuweka silaha chini mwaka 2003, na mwaka 2005 kiongozi wake, Pierre Nkurunziza, akawa rais. Miaka miwili baadaye Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Hapa ndipo penye somo letu. Mwaka 2015 Rais Nkurunziza aliwania kipindi cha tatu. Wafuasi wake walidai kwamba kipindi cha kwanza hakihesabiki, kwa kuwa alichaguliwa na Bunge na si kwa kura za wananchi wote. Mahakama ya Katiba ya nchi yake ilimruhusu. Maandamano yalikuwa yamekwisha kuzuka, na tarehe 13 Mei, alipokuwa Dar es Salaam kukutana na viongozi wenzake kuhusu mgogoro huohuo, jaribio la mapinduzi lilifanyika na kushindwa. Wakimbizi wakarudi tena Nyarugusu. Umoja wa Afrika ulipanga kupeleka askari 5,000, lakini Januari 2016 wakuu wa nchi walikataa kuwapeleka bila ridhaa ya Burundi. Mwaka 2021 Kitengo cha Rufaa cha Mahakama ya Afrika Mashariki kiliamua kwamba kipindi kile cha tatu kilikiuka Mkataba wa Arusha. Nkurunziza alikwisha kufariki mwaka mmoja kabla.

Tulinganishe, msomaji. Mwaka 1996 majirani walichukua hatua baada ya siku chache. Haki ya mwaka 2015 ilichukua miaka sita. Tofauti ni kwamba mwanajeshi anayepindua serikali humkosea kila rais jirani, ilhali rais anayeongeza muda wake huwakumba wenzake wakiwa na hofu ya kuulizwa habari za kwao. Mkataba uliwaleta maadui mezani na ukaligeuza jeshi la kabila kuwa jeshi la taifa. Hayo si madogo. Lakini mkataba hauna miguu ya kujitembelea. Unahitaji majirani wenye ujasiri wa kuulinda hata anayeuvunja anapokuwa mwenzao.

Nakuachia swali la kulijadili darasani na nyumbani: je, usalama wa ukanda wetu hulindwa mpakani, au hulindwa kwanza ndani ya katiba za nchi zetu?