Kidole cha Mjomba

Usiku mmoja pale Njisi mjomba aliamka analia. Kidole gumba cha mguu kimevimba, chekundu, kinawaka moto. "Mjomba, hata shuka linaniuma," akaniambia. Kufikia asubuhi watu walishaamua: amekanyaga kitu, na aliyekitega ni jirani wa shamba la mpunga.

Miaka baadaye nilisoma habari za Thomas Sydenham, daktari wa London, nikashtuka. Mwaka 1683 aliandika juu ya gauti, ugonjwa uliomtesa mwenyewe: mtu analala mzima, usiku wa manane anaamshwa na kidole, hata uzito wa shuka hauvumiliki. Mjomba kabisa! Ila Sydenham alijifariji kwamba gauti huua matajiri kuliko maskini. Ugonjwa wa wafalme, bwana. Nani atamdhania mkulima wa Kyela? Kumbe usipa wetu na kimpumu navyo vinaweza kupandisha asidi ya yuriki mwilini.

Maumivu yaliporudi, alipimwa damu. Asidi ikaonekana ya kawaida, akaambiwa si gauti. Hapo ndipo historia inaponikera. Alfred Garrod wa London alionyesha mwaka 1848 kwamba damu ya wenye gauti imejaa asidi hiyo. Baadaye akabuni kipimo cha ajabu kwa urahisi wake: majimaji ya damu kwenye kisahani, asidi ya siki kidogo, na uzi wa kitani, ukiacha siku moja au mbili, chembe zinaushika uzi kama chumvi. Lakini damu hudanganya, maana wakati wa shambulio kiwango kinaweza kushuka. Mwaka 1961 Daniel McCarty na Joseph Hollander, Marekani, walitazama majimaji ya kiungo chenyewe kwa hadubini ya mwanga maalumu, wakaona fuwele nyembamba kama sindano.

Mjomba hakuvutwa majimaji yoyote. Tabibu mmoja kijana alimwuliza tu: yalianza saa ngapi, kidole gani, yaliisha yenyewe? Akamwambia arudi kupima uvimbe ukishapita, wiki kadhaa. Asidi ilikuwa juu.

Ng'ombe mmoja alishakwenda kwa mganga. Kimpumu amepunguza, dawa anameza. Na yule jirani, mpaka leo hawasalimiani.