Muungano wa nyuklia: Nishati ambayo bado haijawasha taa

UMEME unaotumika mtaani Elgon View, mjini Eldoret, hutoka katika gridi ya taifa, inayolishwa na mvuke wa Olkaria, maji ya Turkwel na upepo wa Turkana, miongoni mwa vyanzo vingine. Mpango wa kuongeza nyuklia katika gridi hiyo umezua ubishi: mwaka 2024 wakazi wa Uyombo, Kilifi, waliandamana kuupinga, na mwaka 2025 serikali ikaelekeza macho Siaya.

Hata hivyo, nyuklia ni za aina mbili. Inayokusudiwa Kenya ni ya kupasua viini vya atomu za urani, na taka zake hutoa miale hatari kwa maelfu ya miaka. Ya pili ni ya kuunganisha viini vyepesi vya haidrojeni hadi viwe heliamu, kama lifanyavyo jua. Hitilafu ikitokea, mwako wake huzimika wenyewe, na taka zake hupoteza makali mapema zaidi.

Ugumu umo katika joto. Katika mitambo mingi, muungano huhitaji nyuzijoto zipatazo milioni 150, takriban mara 10 ya kitovu cha jua. Kwa kuwa hakuna chuma kinachostahimili joto hilo, gesi hiyo hushikiliwa hewani kwa sumaku.

Mnamo Desemba 5, 2022, maabara ya Lawrence Livermore, Marekani, ilitumia njia tofauti: ilielekeza miale ya leza ya megajuli 2.05 kwenye tembe ya fueli, ikapata megajuli 3.15. Lakini leza zenyewe zilikula takriban megajuli 300 za umeme. Mtambo wa JET, Uingereza, ulitoa megajuli 69 mwaka 2023, kabla ya kufungwa. Joto hilo lote lingegeuzwa umeme, lingekuwa yuniti 19 tu, ambazo nyumba moja ya Elgon View inaweza kuzimaliza kwa siku chache.

Mradi mkubwa zaidi, ITER wa Ufaransa, unatarajiwa kuanza kutumia fueli kamili mwaka 2039, nao haukuundwa kuzalisha umeme.

Kwa hivyo, sifa za muungano zisitumiwe kuwatuliza wakazi wa Siaya. Wanachopaswa kuelezwa ni usalama, gharama na taka za mtambo wa kupasua atomu, kwani ndio unaobisha hodi kwao.