Kabla Hujalipia Msaada wa Barabarani, Ijue Stori ya Vijana wa Baiskeli

Wadau wangu wenye magari, na nyie mnaosubiri meli ya Japani ifike, leo tunapiga stori ya hela. Ukishanunua gari tu, hata vumbi la bandarini halijatoka, atatokea mtu na karatasi yake. Lipa kiasi fulani kwa mwaka, gari likizima popote unapiga simu, sisi tunakuja. Pancha tunabadilisha, betri ikifa tunabusti, ukifungia funguo ndani tunafungua, likigoma kabisa tunalivuta. Sasa swali ambalo kila mtu analiuliza kijiweni: hiyo ni hela ya maana au ni hela ya kuliwa?

Jibu lipo, ila haliko kwenye ile karatasi. Lipo kwenye historia, na wenye stori yenyewe wengi ni watu ambao hakuna anayewakumbuka kwa majina. Twende taratibu.

MAMA, WATOTO WAWILI NA MUUZA DAWA

Agosti 1888, Ujerumani. Bertha Benz, mke wa yule Karl Benz aliyetengeneza gari, alilitoa gari nje bila kumuaga mumewe. Ndani alikuwa na wanawe wawili, Eugen na Richard, mmoja ana miaka 15, mwingine 13. Gari lenyewe lina matairi matatu. Wakatoka Mannheim kwenda Pforzheim kumsalimia mama yake Bertha, zaidi ya kilomita 100. Chukulia kama Dar mpaka Chalinze.

Ile ndiyo inayohesabiwa kuwa safari ya kwanza ya mbali kwa gari duniani. Na gari likazingua siku hiyohiyo! Bomba la mafuta likaziba, mama akalizibua kwa pini ya kofia yake. Waya ukachubuka, akaufunga kwa mkanda wa soksi. Mafuta yakapungua na sheli hazikuwepo duniani kote, akaingia duka la dawa pale Wiesloch akanunua dawa ya kusafishia madoa, gari likanywa na likaenda. Mnyororo ukaharibika, mhunzi akautengeneza. Breki za mbao zikalika, fundi viatu akazipigilia ngozi. Kwenye vilima watoto wakashuka kusukuma.

Ona kitu hapo. Bertha hakuwa na mpango wowote wa kulipia kwa mwaka. Alikuwa na akili yake, mikono ya wanawe, na mafundi waliokuwa karibu. Akikwama anatafuta mtu, analipa, anaendelea. Wengi wetu mjini tunaishi hivyohivyo mpaka leo. Fundi wa mtaani unamjua kwa simu, bodaboda anakuletea mafuta kwenye dumu, vijana wa kijiweni wanasukuma gari liwake. Huo ni mfumo kamili, na unafanya kazi vizuri sana mahali palipo na watu.

Shida ni pale ambapo hakuna mtu.

VIJANA WALIOAJIRIWA KUKWEPA TOCHI

Sasa hapa ndipo patamu. Hawa wakubwa wa msaada wa barabarani, unajua walianza na nini? Hawakuanza na kuvuta magari. Walianza na kukwepa trafiki.

Uingereza ilipitisha sheria ya magari mwaka 1903, mwendo wa mwisho ukawa maili 20 kwa saa, kama kilomita 32. Polisi wakaanza kujificha vichakani na saa mkononi wanapima mwendo, yaani tochi ya enzi hizo. Wenye magari, ambao wakati huo walikuwa watu wa pesa zao, wakachoka kupigwa faini. Mwaka 1905 wakakutana London wakaunda chama, Automobile Association, watu wanakiita AA. Kazi ya kwanza ya chama ilikuwa kuajiri vijana wenye baiskeli wazunguke barabarani, wakiona mtego wa polisi wawaonye wanachama.

Si unaona? Dereva anayekuwashia taa pale kabla hujaingia kwenye kibao cha 50 ana mababu zake!

Polisi hawakufurahi. Mwaka 1910 mahakama ikasema kumuonya dereva aliyezidisha mwendo ili apunguze kabla hajapimwa ni kuwazuia polisi kufanya kazi yao. Chama kikapata akili nyingine. Vijana walikuwa na kawaida ya kupiga saluti kila wanapoona gari lenye beji ya AA. Wanachama wakaambiwa hivi: ukipita kijana asikupigie saluti, simama umuulize kwa nini. Dereva anasimama, mwendo umeshapungua, mtego umepita bure. Na nani atakushtaki kwa kutopiga saluti?

Nachotaka ukishike hapa ni kwamba vijana wale walikuwepo barabarani tayari. Hawakuwa ofisini wanasubiri simu. Gari la mwanachama likizima, kijana yuko jirani, anashuka kwenye baiskeli anasaidia. Baadaye wakapewa pikipiki zenye kiti cha pembeni, humo ndani spana na vifaa. Chama kikajenga na vibanda vya simu kando ya barabara kuu, na kila mwanachama akapewa funguo. Ukikwama usiku unatembea mpaka kibandani, unafungua, unapiga simu. Kama si mwanachama, kibanda unakiona kwa macho tu.

Wanachama walikuwa kama mia moja mwaka 1905. Kufika 1914 walikuwa 83,000. Mwaka 1939 walikuwa 725,000, wakati Uingereza nzima ilikuwa na magari kama milioni mbili. Watu hawakufuata karatasi, walifuata vijana na vibanda walivyoviona kwa macho.

WANAUME SITA NA GARI KWENYE MTO

Tuhamie Marekani kidogo, maana pikipiki na spana haziwezi kulitoa gari mtoni. Mwaka 1916, Chattanooga, jimbo la Tennessee, gari la rafiki wa fundi mmoja anayeitwa Ernest Holmes lilitumbukia kwenye kijito. Holmes akaita wanaume kama sita, wakaja na kamba na magogo, wakahangaika saa kibao mpaka likatoka. Majina ya wale sita hayasikiki, lakini jasho lao ndilo lililomfanya Holmes akae chini afikirie. Akachukua Cadillac ya mwaka 1913, akafunga nguzo tatu, kapi na mnyororo nyuma. Hiyo ndiyo brekidauni, gari la kuvuta magari. Leo mji huo una makumbusho ya magari ya kuvuta.

Kuanzia hapo gharama ikabadilika sura. Kijana wa baiskeli ni mshahara tu. Brekidauni ni gari, mafuta, dereva, na kilomita za kwenda na kurudi. Ndiyo maana kwa miaka mingi msaada ulimaanisha kurekebishwa palepale au kupelekwa gereji ya karibu, basi. AA ya Uingereza ilianzisha huduma ya kukupeleka wewe na gari lako popote unapokwenda ndani ya nchi mwaka 1973. Na mpaka leo kilomita ndizo zinazouma kwenye mikataba hii. Pancha ni hela ndogo. Kuvutwa mbali ndiyo bili.

KUTOKA CHAMA MPAKA BIASHARA

Wazo la wale jamaa wa London sisi tunalijua vizuri kuliko tunavyodhani. Ni kama chama cha kuzikana. Kila mtu anatoa kidogo, anayepatwa anasaidiwa, ambaye hakupatwa anashukuru Mungu. Hakuna anayelalamika kwamba mwaka huu hakufiwa kwa hiyo mchango wake umeliwa.

Ila chama kinasimama kwa vitu viwili. Wachangiaji wawe wengi, na msaada ufike kweli siku ya tukio. Kikikosa cha pili, hicho si chama, ni kibubu cha mtu mwingine.

Halafu kuna hili. Mwaka 1999 wanachama wa AA wenyewe walipiga kura kukiuza chama chao kwa kampuni ya gesi, Centrica, kwa pauni bilioni 1.1. Kilichokuwa cha wanachama kikawa mali ya wenye hisa. Sisemi huduma ilikufa, magari yao ya njano yapo barabarani mpaka leo. Nasema uhusiano ulibadilika. Kwenye chama wewe ni mwenzao. Kwenye biashara wewe ni mteja, na mteja analindwa na kilichoandikwa kwenye mkataba, si undugu.

Huku kwetu wazo liliingia mapema. Mwaka 1919 kilianzishwa Nairobi chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, ambacho ndicho mzazi wa AA ya Kenya ya leo. Mwaka 1953 zikaanza yale mashindano tunayoyajua kama Safari Rally, kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Waulize wazee walioyaona. Gari la mzungu likizama kwenye tope, nani alilitoa? Wanakijiji. Majina yao hayapo kwenye kombe lolote.

SASA, ULIPIE AU USILIPIE?

Historia yote hiyo inasema kitu kimoja: unachonunua ni mtu wa kufika. Simu ya bure, kadi inayong'aa na stika ya kwenye kioo havivuti gari. Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya bei ni hili: gari lenu la karibu na mahali ninapopita liko wapi?

Chukua mfano wa barabara ya Dar kwenda Mbeya. Inapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi, kama kilomita 50 za mbuga. Gari likizima pale saa mbili usiku, huwezi kushuka kwenda kukata matawi ya kuweka barabarani kama tulivyozoea, maana simba nao wana ratiba zao. Pale ndipo utajua kama ulinunua msaada au ulinunua stika. Wakikujibu kwamba gari litatoka Dar, piga hesabu mwenyewe atafika saa ngapi.

Ya pili, kilomita. Wanavuta mpaka wapi bila kuongeza hela? Zikizidi, kila kilomita ni shilingi ngapi?

Ya tatu, mara ngapi kwa mwaka, na usiku je?

Ya nne, mkataba unafuata gari au unafuata wewe? Ukiazima gari la shemeji likazima, wanakuja?

Ya tano, kama una bima kubwa, isome kwanza. Baadhi zinakuwa na kuvutwa ndani yake. Kuna watu wanalipia kitu kimoja mara mbili na hawajui.

Hesabu nayo si ngumu. Tuseme ada ni 150,000 kwa mwaka, na kuvutwa mara moja hapa mjini ni 80,000. Kama gari lako linavutwa mara moja kwa mwaka, umepoteza 70,000. Kama linavutwa mara mbili, umefaidi 10,000. Kama linavutwa mara tano, achana na mpango, nenda kafanye sevisi, kwa sababu hilo halihitaji msaada wa barabarani, linahitaji injini. Hizo namba ni za mfano, weka za kwako.

Msimamo wangu ni huu. Kama safari zako ni nyumbani, kazini, kanisani au msikitini, na baa Jumamosi, wewe ni Bertha. Mafundi wamekuzunguka. Ile ada iweke kwenye simu usiiguse, kisha nunua jeki inayofanya kazi, spana ya tairi, waya za kubusti, tochi na pembetatu. Na hakikisha tairi la akiba lina upepo, wengi wanabeba pambo.

Kama unasafiri mikoani mara kwa mara, au unaendesha usiku peke yako, hasa dada zangu mnaotoka kazini saa sita za usiku, au gari unaloendesha ndilo linalomlaza mama hospitali na kumrudisha, lipia. Hapo hesabu si ya shilingi tena. Kusimama gizani na boneti wazi huku pikipiki usiyoijua inapunguza mwendo kina bei yake, na hiyo bei haiandikwi kwenye risiti. Lakini lipia kwa waliojibu lile swali la kwanza vizuri. Na kabla hujatoa hata mia, ipigie ile namba yao ya dharura Jumapili usiku. Isipopokelewa leo ukiwa kitandani, haitapokelewa ukiwa Mikumi.

Wale vijana wa baiskeli hawakuwa na matangazo. Walikuwepo njiani, wanachama wakawaona, wakalipa.

Haya, tupia kwenye komenti: gari lilikuzimikia wapi, saa ngapi, na nani alikuja? Jina si lazima.