Tezi, Omo na Ngama

"Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Shuleni tuliikariri methali hii, tukaambiwa maana yake ni kwamba mtu hata azunguke vipi, mwisho hurudi kwao. Ni sawa. Lakini walioitunga walikuwa watu wa chombo, na kila neno walilipa mahali pake. Tezi ni nyuma, omo ni mbele, ngama ni tumbo la chombo, chini katikati, ambako maji yanayopenya hukusanyika yakingoja kufuliwa. Mawimbi yakija kwa mbele, omo hupanda tezi ikishuka, kisha tezi hupanda omo ikishuka, na pale katikati ndipo panapotikisika kidogo kuliko kwingine kote. Abiria anayechafukwa na moyo huambiwa akakae katikati kwa sababu hiyohiyo.

Naanza na ngama kwa kuwa nitairudia. Kwanza niseme juu ya mrama.

Neno hili limehama baharini. Leo mazungumzo ya amani ndiyo yanayokwenda mrama, na ndoa, na bajeti. Kamusi za zamani zingali zinakumbuka asili yake: chombo kinakwenda mrama, yaani kinapepesuka mawimbini. Ningependa lirudi kazini, maana kazi ipo. Wahandisi wa meli huhesabu miendo sita ya chombo ndani ya mawimbi. Mitatu ni ya chombo kizima kusogea: mbele na nyuma, ubavuni, juu na chini. Mitatu ni ya kugeuka: kulalia ubavu huu na ule, kuchovya omo na tezi kwa zamu, na omo kupotoka njia kulia na kushoto. Sisi, tunapoandika, yote sita twaiita kuyumba. Huo ni umaskini wa kujitakia. Meli inayopanda na kushuka nzima humchosha abiria. Meli inayolalia ubavu yaweza isiinuke tena. Hatari zikiwa mbili, majina nayo yawe mawili. Napendekeza mrama libaki la kulalia ubavu peke yake, na ule mwendo wa omo na tezi tuuite mchovyo. Ule wa kupotoka njia tuuite kombo, neno ambalo kila mtu analo kinywani.

Mrama una sheria yake. Mwaka 1861 Mwingereza William Froude aliwaeleza wahandisi wenzake jambo ambalo mtoto yeyote aliyesukuma bembea analijua kwa mikono. Kila chombo kina mpigo wake: kiinamishe, kiachie, kitalala na kuamka kwa kipindi kilekile. Wimbi dogo likija kwa mpigo huohuo, huongeza mrama kidogo kidogo kama mkono unaosukuma bembea kwa wakati wake, na wimbi kubwa lenye mpigo tofauti huenda lisifanye madhara hayo. Ndiyo maana nahodha hubadili mwelekeo au kasi hata kama bahari ni ileile. Farumi, yaani uzito unaowekwa chomboni ili kitulie, nayo imo katika hesabu hii. Ikiwekwa chini sana, mpigo huwa mfupi na chombo hushtuka vibaya. Ikipungua mno, mpigo hurefuka na chombo huwa kizito kuamka.

Bahari yenyewe, hata hivyo, haileti wimbi moja moja kwa adabu. Tunasema bahari imechafuka, na sijui neno linaloeleza vizuri zaidi kile ambacho wataalamu Manley St. Denis na Willard Pierson walikipigia hesabu mwaka 1953. Waliuchukulia mchafuko huo kama mkusanyiko wa mawimbi mengi sahili, ya urefu na pande mbalimbali. Tafuta jinsi meli inavyoitikia kila moja, kisha jumlisha. Jibu halitakwambia meli italala kiasi gani saa nne kamili. Litakwambia ni mara ngapi katika safari mrama utapita kiwango fulani.

Hapo kuna istilahi moja ambayo nawasihi wafasiri wasiikosee. Utabiri wa bahari hutoa kwa kawaida kimo kimoja cha mawimbi, nacho ni wastani wa theluthi ya mawimbi yaliyo makubwa zaidi. Tukikiita "kimo muhimu", hatujamwambia mvuvi lolote. Tukikiita "kimo cha theluthi ya juu", jina lenyewe linamwonya. Akisikia mita 2, atajua kwamba yapo mawimbi yanayozidi hapo, na kwamba akikaa baharini saa kadhaa anaweza kukutana na moja linalokaribia mita 4. Mwenye ngalawa anahitaji onyo hilo kuliko mwenye meli ya chuma.

Kuiita nguvu ambayo mawimbi huitia meli "mzigo wa mawimbi" nako hakufai. Bandarini mzigo ni shehena, una mwenyewe na una ushuru. Vitabu vya fizikia vimeshatupa kani. Tuseme kani ya mawimbi.

Kani hiyo ndiyo inayonirudisha ngamani. Wimbi refu likisimama chini ya katikati ya meli, omo na tezi hukosa maji ya kutosha ya kuzibeba, zikainama, na meli ikatoka kibyongo. Mawimbi yakishika ncha mbili, katikati hubonyea kama kitanda cha kamba kilicholegea. Kupindwa huko hukazana zaidi katikati, palepale panapotikisika kidogo kuliko kwingine. Abiria anapumzika mahali ambapo chuma kinateseka.

Tarehe 17 Juni 2013, msimu wa kusi, meli ya makontena MOL Comfort, yenye urefu wa mita 316, ilikuwa katika Bahari ya Hindi mbali na pwani ya Yemen, ikitoka Singapore kwenda Jeddah. Ilitoka kibyongo, mabamba ya chini yakajikunja, ikakatika vipande viwili katikati. Mabaharia wote 26 waliokolewa. Tezi ilielea peke yake siku kumi, ikazama tarehe 27 Juni. Omo ilishika moto ikiwa inavutwa, nayo ikazama mwezi Julai.